Fundi, Umepima Wapi?

Najua niliahidi kumalizia ile makala ya hifadhidata, na wengine mmeshaniandikia kuniuliza imepotelea wapi. Itakuja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu gari. Tafadhali msikimbie, hata ninyi ambao hamna gari na hamna mpango wa kununua. Mkivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba ninaowasema ni sisi wenyewe, watu wa kompyuta.

Baba yangu ana Volkswagen Beetle ya mwaka 1969. Aliinunua mwaka 1986 akiwa mwalimu kijana, ikiwa imeshatumika, na ndiyo iliyonileta nyumbani kutoka hospitali nilikozaliwa. Wazee wa rika lake watakwambia bila kuulizwa kwamba Tommy Fjastad alishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1962 akiendesha Volkswagen kama hiyo hiyo, na kwamba magari ya siku hizi ni makopo tu. Kiwanda cha mwisho kutengeneza Beetle ile ya zamani kilikuwa Puebla, Mexico, nacho kilisimamisha kazi hiyo mwezi wa Julai mwaka 2003. Kwa hiyo hii si gari ambayo ukiichoka unaenda kununua nyingine dukani.

Mwaka huu, kuanzia Januari, gari lilianza ukaidi. Asubuhi mzee anapiga stata, injini inazunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake, kisha inasikika "tik" moja halafu kimya. Watoto wa jirani wanaitwa, wanasukuma, linawaka. Jumapili moja lilikataa mbele ya lango la kanisa, watu wakiwa wanatoka, na mzee hakupenda kabisa kusukumwa na waumini aliowafundisha hesabu.

Fundi wa kwanza alifungua mlango, akasikiliza, akasema, "Mzee, betri imekufa." Betri mpya, shilingi 11,500. Gari likawaka vizuri kwa wiki mbili, kisha tatizo likarudi. Fundi wa pili akasema, "Hii ni stata." Stata iliyofanyiwa ukarabati, shilingi 8,000. Ikawa nafuu kidogo, kisha yale yale. Halafu taa nyekundu ya chaji ikaanza kuwaka hafifu usiku mzee akiwa barabarani. Fundi akasema, "Dainamo imechoka." Dainamo, shilingi 12,000. Ongeza malipo ya kazi shilingi 4,500. Jumla ni 36,000, na gari bado linasukumwa.

Alhamisi jioni mzee alinipigia simu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kuna mtu wa vyuma chakavu atakuja Jumamosi kulipima kwa kilo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Ijumaa baada ya kazi nilipanda matatu kwenda nyumbani, mkobani nikiwa na multimeta niliyoinunua kwa shilingi 1,200.

Sasa niwaambie nilichokuta, kwa sababu hasira yangu yote imo humo. Nitaeleza taratibu ili hata mwenye Datsun au Peugeot 504 ya babu yake aweze kufuata. Ninazungumzia gari la volti 12. Kama Beetle yako ni ya kabla ya mwaka wa modeli wa 1967, huenda ni ya volti 6, na namba zangu zitabadilika.

Kabla ya yote, usalama. Gia weka huru, vuta breki ya mkono, chomoa waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili ili injini izunguke bila kuwaka. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na springi za kiti zikigusa ncha zake zinaweza kuwasha moto. Kwa hiyo hakikisha kifuniko cha betri kipo kila unaporudisha kiti.

Kipimo cha kwanza: betri ikiwa imepumzika. Betri nzuri iliyojaa inaonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.0 iko karibu na kuisha. Ya mzee ilionyesha 12.5. Betri si mgonjwa.

Kipimo cha pili: volti za betri hiyo hiyo wakati mtu anapiga stata. Ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, ndipo uanze kuishuku. Mama alikaa kwenye usukani, akageuza ufunguo, mimi nikishikilia nyaya za mita kwenye ncha za betri. 10.9. Betri bado si mgonjwa.

Kipimo cha tatu: stata yenyewe inapokea volti ngapi? Waya mmoja wa mita kwenye skrubu kubwa ya stata, ile iliyoandikwa 30, mwingine kwenye mwili wa stata. Mama akapiga tena. 7.4!

Hebu simama hapo. Betri inatoa 10.9, stata inapokea 7.4. Volti 3.5 zimeliwa njiani. Betri mpya haiwezi kuzirudisha, na stata mpya pia haiwezi. Mzee alikuwa ameshanunua zote mbili.

Kipimo cha nne: nani amezila? Umeme una njia mbili, wa kwenda na wa kurudi. Upande wa kwenda, kutoka ncha ya chanya ya betri hadi skrubu 30 ya stata, wakati wa kupiga stata nilipata volti 0.3. Sawa kabisa. Upande wa kurudi, kutoka ncha ya hasi hadi bodi ya gari, 0.1. Kutoka bodi hadi giaboksi, 3.1. Mwizi amepatikana.

Injini na giaboksi za Beetle zimekaa juu ya raba ili mtikisiko usifike kwa abiria, na raba haipitishi umeme. Ndiyo maana kuna mkanda wa waya uliosukwa chini ya gari unaounganisha giaboksi na bodi. Umeme wote wa stata unarudi kwa njia hiyo. Mkanda wa mzee ulikuwa umeliwa na kutu mpaka zimebaki nyuzi chache, na pale ulipofungwa palikuwa na matope ya miaka mingi. Mkanda mpya shilingi 600. Nikasugua chuma mpaka kiking'ae, nikafunga. Nikapima tena kati ya bodi na giaboksi: 0.1. Nikarudisha waya wa koili. Injini iliwaka kabla Mama hajamaliza kugeuza ufunguo, akashtuka akaachilia klachi, gari likataka kuruka. (Ndiyo, nilisahau kumwambia. Gia huru niliyoiweka alikuwa ameitoa mwenyewe kwa mazoea.)

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wenye mita. Mtu atasema, "Mimi nilipima ule waya, mita ikaonyesha umeme unapita." Ni kweli unapita. Kwa taa ndogo unatosha. Lakini Georg Ohm alishatueleza mwaka 1827 kwamba volti zinazopotea ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Stata inaweza kuvuta ampea 150. Ukinzani wa ohm 0.02 tu, ukizidishwa kwa 150, unakula volti 3. Na mita ya shilingi 1,200 haiwezi kuona ohm 0.02, itakuonyesha kitu kama sifuri. Waya huo ukiupima ukiwa umelala utakuapia kwamba ni mzima. Ni lazima uupime ukiwa umebeba mzigo.

Tuje kwenye taa nyekundu. Katika gari kama hili taa ya chaji si mlinzi mwenye akili. Upande wake mmoja unapata volti za dainamo, upande wa pili volti za betri. Pande zote zikiwa sawa haina sababu ya kuwaka. Zikitofautiana inawaka, na tofauti ikiwa ndogo inawaka hafifu. Kwa hiyo taa hafifu injini ikiwa inazunguka kwa kasi haisemi "dainamo imekufa". Inasema kuna tofauti kati ya dainamo na betri, nenda kaitafute. (Dainamo za zamani huchaji kidogo sana injini ikiwa inanguruma polepole, kwa hiyo taa ikimulika kidogo ukiwa umesimama kwenye foleni usiogope. Lakini ikiwaka kwa nguvu ghafla ukiwa mwendoni, simama mara moja. Katika Beetle mkanda unaozungusha dainamo ndio huo huo unaozungusha feni ya kupoza injini, na injini ile haina maji.)

Nikapima injini ikiwa imeongezwa mafuta kidogo. Kwenye dainamo: 14.1. Kwenye betri: 12.4. Dainamo inafanya kazi yake, mshahara unapotelea njiani. Nikafuata waya mpaka kwenye reguleta, ambayo katika gari hili iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kushoto. Kishikizo cha waya unaokwenda kwa betri kilikuwa kimelegea, kimeungua, kimekuwa cheusi kama sufuria ya muratina. Kishikizo kipya shilingi 50. Betri ikapanda hadi 13.8. Taa ikazima, na mpaka leo haijawaka njiani.

Jumla yangu: shilingi 650, bila kuhesabu mita. Jumla ya mzee: shilingi 36,000. Na dainamo ya zamani? Niliikuta imetupwa kwenye kona ya stoo. Nimeifungua, brashi zake bado ndefu.

Sasa najua baadhi yenu mmeshaanza kuandika: "Mafundi wetu ni wezi." Ngojeni kwanza. Hapo ndipo nataka tugombane.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumtafuta yule fundi wa stata. Sikuwa na nia nzuri. Nilimkuta chini ya lori, nikamweleza yote, namba kwa namba. Alitoka, akafuta mikono, akanisikiliza bila kukasirika. Kisha akasema, "Kijana, hiyo mita hata mimi ninayo. Nikimwambia mteja anipe shilingi mia tano za kuangalia tu, ataniita mwizi. Nikimwekea stata, analipa na kunishukuru."

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Nilipomsimulia Baba, naye alinyamaza, kisha akacheka cheko la aibu. Akaniambia kwamba mwezi wa Februari alikuja fundi mmoja mzee akasema apewe shilingi elfu moja afuate nyaya zote kwanza, akiri baadaye kama ni betri au la. Baba alimfukuza. "Nilimwambia siwezi kulipa mtu kwa kutazama," alisema.

Basi hilo ndilo tatizo lenyewe. Sisi wateja tumekubali kulipia kitu kinachoshikika mkononi, na tumekataa kulipia ujuzi wa kutafuta. Betri ina boksi, ina risiti, unaweza kuibeba. Jibu la "mkanda wako wa giaboksi umeliwa na kutu" halina boksi. Kwa hiyo fundi mwenye watoto wa kulisha anafanya hesabu yake: akitafuta kwa saa mbili na kukuta kishikizo cha shilingi 50, atalipwa nini? Akikisia kwa dakika mbili na kukuuzia dainamo, anapata chake. Tumemlipa ili akisie, halafu tunashangaa kwamba anakisia.

Hata hivyo simwachi fundi aende bila lawama. Kuna tabia moja ambayo haina udhuru wa umaskini, ile ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma "ili tuone kama olteneta inachaji". Acheni! Betri ndiyo inayotuliza volti katika gari. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu na kuua diodi za olteneta, na kama gari lina kompyuta, unaiweka hatarini pia. Umekuja kupima kama mgonjwa ni mzima kwa kumpiga rungu kichwani. Kuweka mita kwenye ncha mbili za betri ni kazi ya sekunde kumi: kati ya volti 13.5 na 14.5, gari linachaji. Huhitaji kuchomoa chochote.

Na msiniambie kwamba uzoefu unatosha. Uzoefu ni mali, na fundi aliyesikiliza injini miaka thelathini anajua mengi ambayo mimi sitayajua kamwe. Lakini betri dhaifu, stata mbovu na mkanda wenye kutu vyote vitatu vinatoa sauti ile ile ya uvivu. Sikio halitenganishi 10.9 na 7.4. Uzoefu unakwambia uanze kupima wapi. Hauwezi kushika nafasi ya kipimo.

Wala msiniambie kwamba gari likiwaka baada ya kubadilisha kitu, basi kitu hicho ndicho kilichokuwa kibovu. Betri mpya ilimpa mzee wiki mbili nzuri kwa sababu ilikuwa na nguvu za ujana za kusukuma umeme kwenye njia mbovu. Nafuu ile ndiyo iliyomdanganya na kumfanya aamini kwamba anakaribia mwisho wa tatizo.

Sasa tugeuze kioo, enyi wenzangu wa kompyuta. Najua mmekuwa mkitikisa kichwa mkisema, "Hawa watu wa gereji!" Niambieni ukweli: mara ya mwisho mfumo wenu ulipokuwa mzito, mlifanya nini kwanza? Mlizima mkawasha. Haikusaidia, mkaongeza memori. Haikusaidia, mkahamia seva kubwa zaidi. Mimi nimefanya hivyo. Kazini, si muda mrefu uliopita, tulipandisha ukubwa wa seva mara tatu kwa sababu ukurasa mmoja ulikuwa unachelewa kila mwisho wa mwezi. Kila mara tulipata nafuu ya siku chache. Mwishowe mtu mmoja alikaa chini akapima kila hatua muda wake, akakuta ombi moja kwenye hifadhidata linasoma jedwali zima kwa sababu halikuwa na indeksi. Mstari mmoja wa msimbo. Ule ulikuwa mkanda wetu wenye kutu.

Na sisi pia tulikuwa tumeupima ukiwa umelala! Kwenye kompyuta zetu, tukiwa na data ya watu kumi, ukurasa ulifunguka mara moja. Mzigo wa mwisho wa mwezi ulipokuja, ohm 0.02 ikala volti 3. Tofauti yetu na fundi wa gereji ni kwamba sisi tunalipwa mshahara hata tukikisia, na gharama ya kisio letu haionekani kwenye risiti ya mzee mmoja aliyestaafu. Inaonekana kwenye bili ya seva ambayo hakuna anayeisoma.

Kwa hiyo hili ndilo ombi langu, na ni dogo. Mtu yeyote anapokwambia ununue kipuri, awe fundi wa gari, wa friji au wa programu, muulize kwa heshima: "Fundi, umepima wapi, na umepata ngapi?" Akikujibu kwa namba, mlipe. Akisema bado hajapima, mwambie apime, na umwambie mapema kwamba utamlipa kwa kupima hata kama tatizo litakuwa kishikizo cha shilingi 50. Hasa likiwa hilo. Aliyekuokolea 12,000 kwa kishikizo cha 50 amekufanyia kazi kubwa kuliko aliyekuuzia dainamo.

Mtu wa vyuma chakavu alikuja Jumamosi saa tano na pikapu na mizani yake. Baba hakubishana naye. Aliingia garini, akapiga stata mara moja, akakaa ndani injini ikinguruma mpaka yule bwana akageuza pikapu. Kisha akazima, akaniita, akaniuliza kama namba ya simu ya yule fundi mzee wa Februari inaweza kupatikana kwa mtu yeyote mtaani. Anataka kumpelekea shilingi elfu moja yake, na kumwomba aangalie kaboreta.

Maoni yenu, hasa ninyi mafundi, yaandikeni hapo chini. Nikikosea mahali nisahihisheni. Lakini mje na namba.